Msitu ni Mkubwa, Hautahisi: Mwongozo wa Kufaidi Bonde la Karura

Anza na viatu. Mtembezi wa kisasa wa Karura huvaa raba nyeupe zilizotoka dukani jana, kwa sababu udongo wa Nairobi ni mwekundu na picha hupendeza rangi zikigombana. Miwani ya jua ivaliwe hata pale ambapo miti imeshikana juu na jua halionekani. Ukikutana na mzee mwenye kofia ya sufu na bakora, anayeujua kila mti kwa jina lake la Kikikuyu, mpishe njia upesi. Huyo hakuja kufaidi. Huyo amekuja kutembea.

Wala usidhani kwamba huu ni msitu wa kweli. Msitu wa kweli, kama ajuavyo kila mkazi wa jiji, uko mbali, una simba, na wageni huulipia kwa dola. Karura imebanwa kati ya Muthaiga, Runda, Gigiri na barabara ya Kiambu, na foleni ikikuhurumia unafika kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni. Ndani yake kuna zaidi ya hekta 1,000 za miti, mto Karura na ndugu zake Ruaka na Gitathuru, maporomoko ya maji, mapango, na vijia ambavyo ukiviunga vinafika kilomita kama 50. Serikali iliutangaza rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Usiyakariri haya kwa ajili ya elimu. Yakariri kwa sababu yanakupa maneno matano utakayoyahitaji kutwa nzima: jamani, msitu ni mkubwa, hautahisi.

Langoni utakutana na kiingilio. Lalamika. Uliza kwa sauti ni tangu lini Mkenya akalipishwa kuangalia miti ya nchi yake, na uulize ukiwa na kikombe cha kahawa kilichokugharimu zaidi ya hicho kiingilio. Usikumbuke, na wala usikumbushwe, kwamba miaka michache kabla ya ua wa umeme kuwekwa hakuna mwanamke aliyethubutu kuingia humu peke yake. Kwamba Karura ilikuwa mahali pa kuporwa, na habari zake gazetini zilihusu maiti zilizookotwa. Walioubadilisha ni walinzi waliotoka katika vijiji vya jirani, jumuiya ya wanaojiita Marafiki wa Msitu wa Karura, na Shirika la Huduma za Misitu. Ua, mishahara na mafyekeo hulipiwa na watu kama wewe, hali ambayo si ya haki hata kidogo.

Baada ya kiingilio huja ukaguzi. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote nchini, na askari wa langoni kwa bahati mbaya anajua.

"Mkubwa, hiyo chupa ya maji itabaki hapa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Ndiyo, mkubwa. Lakini chupa itabaki."

Askari wa namna hii ni hatari kwa utalii wa ndani. Dawa yake ni kubeba chupa ya pili, chini kabisa ya mkoba, imeviringishwa ndani ya sweta la mtoto.

Sasa uko ndani, na mwenyeji wa kwanza kukupokea ni kima. Mpe ndizi. Utaambiwa kuna vibao vinavyokataza, lakini kibao hakina njaa na kima ana uso wa kuomba. Ukimpa leo, kesho atamnyang'anya mtoto wa mwenzio mkate mkononi, na kesho kutwa atamng'ata, na wiki ijayo utasikia watu wakiuliza kwa nini wanyama hawa wakali hawaondolewi. Hapo utakuwa umeshamaliza kazi ambayo tai mwenye kishungi, adui wa kima tangu zamani, hajaiweza kwa makucha yake yote. Mbega weupe waliohamishiwa hapa kutoka Kipipiri katika miaka ya 2010 ni wagumu zaidi. Wao wanakula majani juu huko na hawakutaki, wala ndizi yako hawaitaki. Wapigie mluzi hata hivyo.

Kuhusu njia, kanuni ni moja: isikupangie maisha. Makutano ya vijia yamewekewa namba ili mtu asipotee, jambo linaloondoa ladha yote. Wewe kata kona. Penye mteremko wa kuelekea mtoni, kijia kikizunguka kwa upole wa bibi harusi, shuka wima. Wa kwanza kupita hukanyaga miche. Wa kumi huacha mstari mwekundu. Mvua ya Aprili ikija huona mstari huo na kuugeuza mfereji, na mfereji humwaga udongo mtoni mpaka maji yawe na rangi ya chai ya maziwa. Hakuna anayeweza kusema ni mguu wa nani ulioanza. Uzuri wa njia ya mkato ni huo, kila mtu ni wa pili.

Beba spika. Ndege wa Karura wamekuwa wakiimba bila wapambe kwa muda mrefu mno. Na ukifika kwenye mti wenye gome laini, toa kisu uandike jina lako na la mpenzi wako. Chakula cha mti hushuka kutoka majanini kupitia tabaka jembamba lililo chini tu ya gome, na ukilikata kuzunguka shina lote mti hufa, ila wewe unakata moyo na mshale tu. Ukibahatisha mhugu utakuwa umeingia katika historia, maana mti huo umepungua sana nchini baada ya kuwa kipenzi cha wachonga vinyago kwa miaka mingi. Wao angalau waliuza twiga.

Kisha mapango. Yako kando ya mto, na hadithi ya mahali hapo inasema wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo siku zile Nairobi ilipokuwa chini ya sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mahali pa namna hii pana adabu zake. Ingia ukipiga kelele usikilize mwangwi. Jaribu kama simu inashika mtandao, na isiposhika sema "walivumiliaje hawa?" Piga picha ukiwa umekunja ngumi, au umenyoosha vidole viwili, vyovyote mwanga utakavyoruhusu. Mtu akiwa amepiga magoti humo anasali, mwombe asogee kidogo.

Maporomoko yako karibu, na ndipo ile chupa ya pili inapopata kazi yake. Kunywa, kisha itupe majini. Nasema hili kwa sababu wengi huitupa kichakani, pale pale, bila kufikiria mbali. Mtoni chupa ina maisha. Maji ya Karura huungana na mito ya jirani, yakaingia Mto Nairobi, ambao humwagika Athi. Athi hushuka nyikani hadi uitwe Galana, hukatiza Tsavo mbele ya tembo, halafu huitwa Sabaki na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Desemba utakapofunga safari na familia kwenda pwani, ukalipa hoteli, ukatandika taulo mchangani, mnaweza kukutana. Lalamika kwamba watu wa pwani ni wachafu.

Ni kweli, na haki lazima itendeke, kwamba mto huu haukusubiri chupa yako. Unaingia msituni ukiwa umeshapita mashamba, vitongoji na magereji ya upande wa Kiambu, na kuna siku za mvua ambapo pua hukuambia mengi kabla macho hayajafika. Ua wa umeme huzuia ng'ombe na wakata kuni. Majitaka haujawahi kuyazuia. Kwa hiyo ukirudi nyumbani, ukaoga, ukamwaga maji ya tope la raba zako, usiulize bomba lako linaelekea wapi. Mwenye nyumba naye hakuuliza.

Humo msituni pia kuna tanuri la kale ambamo Benki Kuu ya Kenya ilikuwa ikichomea noti zilizochakaa. Wageni hulipenda sana na wengi huchokonoa majivu, huwezi kujua. Nalitaja kwa sababu wapo watu ambao Karura na pesa vichwani mwao havijawahi kutenganishwa, na kwao mambo ya ndizi na chupa ni ya shule ya chekechea. Hawa wana mwongozo wao wa ngazi ya juu.

Ngazi ya juu haihitaji raba. Inahitaji ramani, kalamu na rafiki aliye ofisini. Katika miaka ya 1990 vipande vya Karura viligawiwa kimyakimya kwa kampuni ambazo wenyewe hawakuwa na haraka ya kujulikana, ili zijengwe nyumba za kifahari, na yote haya umbali wa kutembea kwa miguu kutoka makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira pale Gigiri. Hoja ilikuwa ile ile ya mwenye ndizi. Msitu ni mkubwa, hautahisi.

Walihisi wasumbufu. Oktoba 1998 waandamanaji waliingia kwenye eneo la ujenzi na vifaa vikateketezwa kwa moto. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alikwenda langoni na wenzake, wakiwemo wabunge, kupanda mti. Mti mmoja. Kundi la vijana wenye marungu, mapanga na mijeledi liliwashukia, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa aliitia sahihi kwa damu yake. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, jiji likachafuka, na Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mama huyo alipata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, mwaka ule ule ambao tume ya Ndung'u ilikabidhi ripoti yake juu ya ardhi za umma zilizonyakuliwa, Karura ikiwa ndani.

Somo kwa mnyakuzi mtarajiwa ni kwamba nyumba za kifahari zina ushamba fulani, zinaonekana. Siku hizi kuna njia za heshima zaidi. Barabara, kwa mfano, ni ya wananchi wote, na hakuna apendaye kuitwa adui wa maendeleo; mwaka 2024 Wakenya walibishana vikali juu ya kipande cha Karura kilichotajwa katika mpango wa kupanua barabara ya Kiambu. Mimi mwenyewe hukaa kwenye foleni hiyo nikilaani, na nikishalaani huenda Karura kupunguza hasira.

Imebaki sehemu ya kulinda mazingira, ambayo hufanywa mara moja kwa mwaka. Nchi ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata sikukuu ya mapumziko ili tupande. Panda basi, lakini kwa utaratibu. Shimo lichimbwe na mtu mwingine, jana yake. Hema liwepo, na viti vyenye mavazi. Vaa gambuti mpya zenye kibandiko cha bei, shika mche shingoni kama kuku wa sikukuu, tazama kamera, na usiinue macho mpaka mpiga picha aseme basi. Aina ya mche si neno. Kama ni mkaratusi unaofyonza maji kando ya mto ambao wenzako wametumia miaka kuung'olea mikaratusi, wao watajua la kufanya. Maji mwagia nusu kopo; nusu nyingine nawa mikono. Kisha andika mtandaoni kwamba umeacha alama kwa vizazi vijavyo, weka bendera, ondoka kabla ya hotuba ya pili.

Kumwagilia hakumo katika ratiba. Mche ukikauka Februari, usihuzunike, na usimruhusu mtu kulifukia lile shimo. Litahitajika Novemba.