Mhadhara wa Bingwa wa Maktaba Zilizopotea

Kwa wasionijua, na ninawahurumia, mimi ndiye Profesa wa Linux. Uprofesa huu nilijitunuku mwenyewe baada ya vyuo kuchelewa.

Leo tunatibu programu inayogoma kuwaka kwa madai kwamba faili fulani la maktaba (.so) halionekani, ilhali wewe unaliona kwa macho yako. Wanafunzi wavivu hukimbilia kusoma ujumbe wa kosa. Mimi sisomi. Bingwa haelekezwi na mashine.

Dawa yangu ya kwanza ni LD_LIBRARY_PATH, orodha ya saraka za kutafutia maktaba. Ijaze kila saraka unayoikumbuka, uiandike kwenye .bashrc, ikae humo milele. Ni kweli hutangulia kashe inayoandaliwa na ldconfig, kwa hiyo programu zilizokuwa nzima jana huenda zikaanza kuokota maktaba zisizo zao. Watazoea. Programu za setuid huipuuza kabisa. Huo ni utovu wa nidhamu.

Kisha kuna hawa Debian. Tangu toleo la 7, mwaka 2013, maktaba za biti 64 wamezitia /usr/lib/x86_64-linux-gnu na za biti 32 /usr/lib/i386-linux-gnu, eti zikae kwenye kompyuta moja bila kugombana. Mimi ubaguzi siutaki! Huzinakili zote ndani ya /usr/lib. Kwa kuwa majina ni yaleyale, iliyokuja mwisho huifuta iliyotangulia. Umoja ni nguvu.

Sasa, yule kijana aliyekaa karibu na feni alithubutu kunikatiza. Alikuwa na programu ambayo ipo, lakini ukiiita unajibiwa haipo. Akaandika amri ya file, ikamwonyesha kwamba ni ya biti 32. Akadai kinachokosekana si programu bali /lib/ld-linux.so.2, kipakizi chake. Akaandika dpkg --add-architecture i386, akafanya apt update, akasakinisha libc6:i386. Ilipolalamikia maktaba nyingine, akatanguliza LD_DEBUG=libs, nayo ikataja kila saraka iliyopekuliwa. Akaongeza kifurushi kimoja, ikawaka. Hakunakili hata faili moja! Nikamuuliza ana shahada ngapi. Hakunijibu, alikuwa anafunga begi.

Ada ya mhadhara hairudishwi. Waliotumia dawa zangu na kompyuta zao zimekataa kuwaka, tafadhali wapange foleni kwa yule kijana.