Bata Huyu Anakwenda Wapi?

Cherehani hupenda njia iliyonyooka. Ipe pindo la pazia au ubavu wa foronya, itakwenda ikiimba. Kasheshe huanza pale mtu anapokata ua, moyo au ndege wa kitambaa cha rangi moja, akambandika juu ya kitambaa cha rangi nyingine, kisha akataka kumshona ukingoni mzunguko mzima. Hapo ndipo watu wazima wenye heshima zao hugombana na chuma.

Chukua kina mama wa kanisa wanaoandaa bendera ya kwaya. Kitambaa cha chini ni cha bluu, na juu yake njiwa mweupe wa poplini mwenye tawi la mzeituni mdomoni. Kwenye karatasi, njiwa alikuwa njiwa. Mshonaji akaanzia mkiani kwa mwendo wa daladala inayogombea abiria, mgongo ukapita salama, akafika kichwani. Kichwa cha njiwa ni kidogo, kina mviringo mkali, hakitaki papara. Sindano ikatoka nje ya ukingo, ikarudi ndani mno, ikatoka tena. Shingo ilipokamilika, mwenyekiti alisogea, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Dada, bata huyu anakwenda wapi?”

Jibu likawa kwamba cherehani ni mbovu. Cherehani hulaumiwa kwa mengi, maana haina mdomo wa kujitetea.

Wala haikuwa mbovu. Yale meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani kazi yake ni kusukuma kitambaa kielekee nyuma, basi. Habari za kona hayana. Mviringo ulioshonwa vizuri kwa kweli ni vipande vifupi vilivyonyooka, vimepangwa kwa hila hadi jicho likadanganyika. Unashona zigizaga hatua chache, unasimamisha sindano ikiwa imezama, unainua mguu, unageuza kitambaa kidogo tu, unashusha mguu, unaendelea. Anayevuta kitambaa kwa mikono ili mviringo uje upesi hupata kona za mraba au sindano iliyovunjika, na siku mbaya hupata vyote viwili.

Sindano izame wapi? Swali hilo ndilo linalotenganisha njiwa na bata. Kwenye mviringo unaotuna, kama kifua, isimame upande wa nje, katika kile kitambaa cha bluu, pembeni kabisa mwa ukingo. Kwenye mviringo unaobonyea, kama pale shingo inapokutana na mgongo, isimame ndani, juu ya njiwa mwenyewe. Ukigeuza kinyume, nyuzi huachana kama herufi V, na mishono iliyopaswa kubanana huacha uwazi ambao hata mzee wa kanisa wa benchi la nyuma atauona.

Halafu kuna mikunjo. Zigizaga nzito, yenye upana wa milimita 3 hivi na hatua isiyozidi nusu milimita, huvuta kitambaa kutoka pande zote mbili, na poplini isiyo na kitu chini yake husinyaa. Ndiyo maana watu huweka karatasi chini, wakaishona pamoja na kitambaa, kisha wakaichana. Gazeti la jana lina unene unaofaa, ila wino wake haufai: bendera inaweza kuondoka na nusu ya msimamo wa ligi mgongoni.

Kufumua nako ni adhabu. Mishono imesongamana, wembe hauchagui kati ya uzi na kitambaa, na hata uzi ukitoka, matundu ya sindano hubaki yakikutazama. Wajanja hawafumui. Huongeza jani juu ya kosa, na kosa likiwa refu, huongeza tawi zima. Mwandishi huyu ameanza kuzitilia shaka bendera zenye majani mengi.

Wapo wasiohitaji jani la kuficha. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alitengeneza tandiko lenye picha 11 za visa vya Biblia, vipande vya vitambaa vikishonwa juu ya kitambaa kingine, kwa mkono na kwa cherehani. Kwenye bustani ya Edeni aliweka nyoka mwenye miguu. Msomaji wa kitabu cha Mwanzo hana pa kumbana: hukumu ya kutambaa kwa tumbo ilikuwa bado haijatolewa. Tandiko lilionyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, huko huko Georgia, mwaka 1886, na leo liko katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alilitamani tangu siku ya maonyesho, lakini Powers alikataa kuliuza. Miaka michache baadaye hali ngumu ilimlazimisha kukubali. Aliomba dola 10, akalipwa 5, nyoka na miguu yake humo humo.