Bosi, Hii Ni Bei Yako Peke Yako

Ukianza kujenga Dar es Salaam unapandishwa cheo bila barua. Jana ulikuwa kaka au dada; leo umeuliza bei ya nondo pale Gerezani, tayari umekuwa bosi, umevutiwa kiti, na soda inafunguliwa. Soda inywe. Lakini usiende dukani bila tepu, na ukishamaliza soda toa tepu hiyo mfukoni mbele ya kila mtu. Duka zuri litakuchangamkia zaidi. Duka baya litakumbuka ghafla kwamba mzigo wenyewe uko stoo nyingine.

Kwenye nondo usiwe na haraka. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kufika kilo 10.7 hivi. Hesabu yake ni nyepesi: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Sasa mitaani zipo nondo zinazoitwa 12 ambazo kipenyo chake ni 11. Kwa macho huzitambui, na ukipima kwa rula, zile mbavu zake zinakuchanganya. Mizani ndiyo inayosema kweli: nondo hiyo inakuja kilo 9. Ukinunua 100, umelipia kama kilo 170 za chuma ambacho hakipo, na nguzo zako zitabeba ghorofa bila chuma hicho. Kwa hiyo omba nondo mbili tatu zikunjuliwe, zipimwe urefu, kisha zipandishwe kwenye mizani. Ukiambiwa mizani ni mbovu, mpe pole mwenye duka, vuka barabara uingie kwa jirani yake. Ukiambiwa hakuna mteja aliyewahi kuomba hivyo, kuwa wa kwanza. Aibu ya dakika kumi haina uzito mbele ya watoto watakaolala chini ya zege hiyo.

Saruji nayo huuzwa kwa maneno matamu: “ni ileile tu, bosi, mifuko ndiyo tofauti.” Si ileile. Namba 32.5 na 42.5 zilizochapwa kwenye mfuko ni kiwango cha nguvu ambacho saruji inatakiwa kukifikia baada ya siku 28. Ya 32.5 inatosha kujengea ukuta na kupiga plasta. Kwa nguzo, mkanda na zege ya ghorofa chukua 42.5, au fuata alichoandika mhandisi wako. Tafuta alama ya TBS na tarehe ya kutengenezwa. Halafu chungulia stoo. Mifuko iliyolazwa sakafuni moja kwa moja na kuegemezwa ukuta wenye unyevu inaanza kuganda kabla haijakuona. Bonyeza kona za mfuko: ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, uache hapohapo, hata ukipewa punguzo la kuliza machozi.

Mchanga una sanaa yake. Dereva atakwambia lori lake ni “kyubiki saba,” na atalisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nalo. Panda upime bodi kwa ndani. Urefu wa mita 4.2, upana 2.2 na kina cha 0.6 vinakupa mita za ujazo 5.5, basi. Kile kilima kilichopambwa juu hupungua njiani kwa mitikisiko, na mchanga wenye unyevunyevu huwa umevimba, kwa hiyo pima usawa wa bodi na ulipe kwa ulichopima. Kisha tia mchanga kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, uiache itulie mpaka kesho. Udongo utajitenga juu, na ukiwa tabaka nene, umeletewa shamba. Mchanga wa baharini ukatae kabisa, kwa sababu chumvi yake hula nondo ndani ya zege, mahali ambapo huwezi kuiona mpaka dari ianze kupasuka.

Kwa tofali uliza mambo mawili tu: mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi, na zimemwagiliwa siku ngapi. Anayetoa 30 na anayetoa 50 za ukubwa uleule hawauzi bidhaa moja, hata bei zikifanana. Bati: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32, ingawa namba inakwenda juu, na uliza upana unaofunika baada ya kupandishana, maana huo ndio utakaozuia mvua.

Tumfikie fundi. Fundi atakupeleka kwenye “duka letu,” na mara nyingi kuna cha juu chake kinamsubiri huko. Sikasirishwi na tamaa yake. Mtu anayelipwa kidogo hutafuta pa kufidia. Kinachoniuma ni kwamba fundi aliyekula cha juu hawezi tena kukataa nondo nyembamba au saruji yenye mabonge, na yeye ndiye jicho lako la pekee pale saiti. Mlipe ujira wa haki, mweleze wazi kwamba vifaa unanunua mwenyewe, kisha mpe mamlaka ya kurudisha chochote kibovu. Orodha ileile, yenye vipimo vilevile, ipeleke maduka matatu. Ukiandika “nondo 100” bila kipenyo, urefu wala aina, umewapa ruhusa ya kukujazia wenyewe.

Fedha yote usiitoe siku ya kwanza. Lipa kwa awamu, kadiri mzigo unavyofika, na kwa kila awamu dai risiti ya EFD iliyotaja bidhaa na idadi. “Nitakupa punguzo tukiacha risiti” maana yake ni kwamba ukirudi na mzigo mbovu hamtafahamiana. Kubalianeni mapema nani analipa kushusha na nani anabeba hasara ya tofali zilizovunjika njiani. Na kama siku hiyo uko kazini, mwachie mlinzi wa saiti tepu, daftari na namba ya simu ya dukani, umsisitize kwamba lori lisimwage kitu kabla yeye hajapanda kupima.