Injini Inanguruma, Tela Limelala

Mashine iliyokufa kabisa ina heshima yake. Mwenye nayo huifunika turubai, akawaambia majirani kwamba anasubiri spea kutoka Dar es Salaam, na maisha yakaendelea. Ya aibu ni ile inayowaka bila kusumbua, ikanguruma hadi kuku wakahama uwanja, halafu isiende popote. Pawatila ya shemeji yangu wa Hombolo ilikuwa imefikia hapo. Tela limejaa samadi ya shamba la zabibu, injini inapiga kelele kitongoji kizima kinasikia, na mbele yake kuna kijimwinuko ambacho mbuzi hukipanda huku wakicheua.

Niliitwa kwa kuwa nafundisha fizikia mjini. Wakwe zangu wanaamini kwamba mtu aliyesoma kanuni za Newton hawezi kushindwa na kitu chenye magurudumu mawili. Sijawahi kuwatoa katika imani hiyo, maana ndiyo inayonipatia paja la kuku kila nikifika.

Pawatila, kwa asiyeijua kwa karibu, ni trekta lililonyimwa kiti. Lina magurudumu mawili na mikono miwili mirefu, na dereva hulifuata nyuma kwa miguu au hukaa mbele ya tela akiwa ameshikilia hiyo mikono. Injini yake ni ya dizeli, silinda moja, na nyingi zina nguvu za farasi kati ya 12 na 15. Zilienea sana nchini baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa hapahapa Dodoma mwaka 2009, lakini asili yake ni majaruba ya mpunga. Kule Bahi ukiiona kwenye tope unaona kabisa kwamba imefika kwao. Kitabu cha maelekezo cha shemeji kina picha ya mkulima aliyezama majini hadi magotini, anatabasamu. Shemeji humtazama sana mtu yule, hasa mwezi wa tisa, ardhi ya Hombolo inapokuwa hata sululu inadunda. Jembe la mashine lilishawekwa stoo zamani, na pawatila ikapewa kazi ya punda: samadi, mchanga, maji, na Jumapili wanakwaya.

Nilipofika, baraza la uchunguzi lilikuwa limeshaketi. Wa kwanza alisema dizeli imechanganywa na mafuta ya taa. Wa pili akasema nozeli. Wa tatu hakusema kitu; alifungua eafilta, akaikung'uta, likatoka vumbi la kutosha kupandia mchicha, akatugeukia na uso wa ushindi. Injini ikawashwa. Ikanguruma vizuri kuliko mwanzo. Tela halikujongea.

Kila aliyekuja aliishika injini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inasema. Lakini ukiisikiliza, ilikuwa inajitetea yenyewe. Injini dhaifu ikitwishwa mzigo hushusha sauti, hutoa moshi mweusi, na mwisho huzima. Hii, klachi ikiachiwa, iliendelea na wimbo uleule kwa sauti ileile, kana kwamba habari za samadi hazijaifikia. Na kweli zilikuwa hazijaifikia. Mahali fulani kati ya injini na magurudumu, ujumbe ulikuwa unapotea njiani. Niliwaeleza hayo taratibu, kwa lugha ya darasani. Waliniitikia kwa heshima zote, kisha wakafungua nozeli.

Mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini alitufariji kwa historia. Baba yake alifanya kazi Kongwa, Waingereza walipokuja mwaka 1947 kulima karanga, kwa kuwa kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu baada ya vita. Walileta matrekta chakavu, yakawashinda. Wakachukua vifaru vya Sherman, wakavigeuza matrekta na kuyaita Shervick. Nayo hayakufua dafu. Udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa haulimiki, na mchanga wake ulitafuna majembe ya chuma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, hasara imefika kama pauni milioni 36. "Sasa wewe mjukuu wangu unalia nini?" mzee alimwambia shemeji. "Kifaru kilishindwa. Hicho chako hata kiti hakina."

Kwa uchunguzi wetu haikusaidia kitu, ila shemeji alisimama wima kidogo.

Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akaja na wazo la kuishusha mteremko wa kuelekea korongoni, gia ikiwa imeingizwa, "ili ishtuke." Alijitolea kuiongoza mwenyewe. Pawatila huongozwa kwa vishikio vidogo chini ya mikono yake: ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linasukuma, mashine inakata kushoto. Huo ni utaratibu wa tambarare. Mteremkoni mambo yanageuka, kwa sababu gurudumu uliloliachia halizuiliwi tena na gia, linasukumwa na mzigo na kumtangulia mwenzake. Unabana kushoto, unakwenda kulia. Kitabu cha mkulima anayetabasamu kimeliandika hilo kwa herufi nene. Kijana wetu aliiona minyaa upande wa kulia, akabana kushoto kwa nguvu zake zote, na minyaa ikazidi kusogea. Tulimtoa salama. Sehemu ya samadi ilibaki palepale, na ule ua wa minyaa utanenepa msimu ujao. Mashine haikushtuka.

Fundi aliitwa kutoka Ihumwa. Alianza kwa kumsalimia mama mkwe, "Mbukwenyi," akakaribishwa ugali wa uwele na mlenda, akanawa, akala bila haraka. Hakuomba injini iwashwe. Aliponigeukia nilidhani anataka maoni ya kitaalamu, alitaka chaki.

Alichora mstari mmoja kutoka kitovu cha gurudumu hadi kwenye ekseli. Pini inayoviunganisha ikiwa imekatika, alisema, gurudumu na ekseli haviendi pamoja na mstari unaachana. Tukaisukuma kidogo; mstari haukuachana. Kisha akafungua kifuniko cha pembeni, akaingiza gia, klachi ikiwa imeshika na injini imezimwa, akatuambia tuisukume tena. Pawatila nzima ingetugomea, maana kusukuma magurudumu yake ni kuizungusha injini na mgandamizo wake wote. Hii ilitufuata bila ubishi. Puli ya klachi ilikuwa inazunguka. Puli ya injini imetulia tuli. Kati yao kulikuwa na mikanda mitatu ya V, na yote ilikuwa inateleza.

Hapo na mimi nilipata la kusema. Mkanda wa V haushiki kwa kukalia sakafu ya mfereji wa puli. Hushika kwa mbavu zake mbili, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyojibana zaidi. Ukiona sakafu ya mfereji inang'aa, ujue mkanda umekonda umezama chini. Tukachungulia. Sakafu haikung'aa kwa namna hiyo. Kilichong'aa ni mbavu zenyewe.

Fundi alipitisha kidole, akanusa. Akanusa tena. Akamwita shemeji naye anuse. Shemeji akanusa, akatazama jikoni, halafu akageuka upesi kuuangalia mlima.

"Maandazi," fundi alisema.

Kumbe mikanda ilikuwa imelegea tangu wiki za nyuma, ikawa inalia kila alfajiri pawatila inapoondoka, ule mlio wa kukwaruza meno. Mlio huo ni taarifa: nikazeni. Mama mkwe, ambaye usingizi wake ni mwepesi, aliuchukulia kama mlio wa bawaba ya mlango. Akaleta mafuta yake ya alizeti, akaipaka mikanda yote mitatu kwa ukarimu. Mlio ukakoma siku hiyohiyo. Alisifiwa sana, na aliyemsifu zaidi ni shemeji.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umejulikana, na haukuweza kutajwa. Mimi ni mkwe; nianzie wapi kumwambia mama kwamba ameikaanga pawatila? Mwanawe alikuwa ameshatoa sifa hadharani. Fundi alikuwa amekula mlenda wake. Basi fundi akasafisha koo, akatangaza kwamba mikanda imepatwa na unyevu. Unyevu, Hombolo, mwezi wa tisa. Baraza zima likaafiki papo hapo, na yule wa nozeli akaongeza kwamba hata yeye aliuhisi.

Shemeji alitaka kununua mkanda mmoja, ule uliochoka zaidi. Fundi akakataa katakata: mpya mmoja kati ya wazee wawili hubeba mzigo wote peke yake, haumalizi msimu. Ikanunuliwa mitatu ya aina moja. Puli zikaoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa kwa tambara, bolti za injini zikalegezwa, injini ikasogezwa mbele kwenye kitako chake mpaka mkanda ukawa unabonyea kidogo tu ukiukandamiza katikati kwa kidole gumba. Tela likapanda kijimwinuko, na safari hii injini ilishusha sauti kidogo, ishara kwamba habari za samadi zimeifikia.

Kabla ya kuondoka fundi alituusia kwamba mikanda mipya hunyooka baada ya saa chache za kazi. Ikianza kulia tusishtuke, ni kuisogeza injini mbele kidogo na kukaza bolti.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza kutoka mlangoni. "Umesema itaanza kulia?"

"Ndiyo, mama. Kidogo tu."

"Basi msisumbuke kumwita fundi wa watu kutoka Ihumwa," alisema. "Dumu bado lina nusu."