Diwani wa Kijani

Sheria ya nchi hii haimruhusu mtu kugombea pasipo kudhaminiwa na chama, na kwa sababu hiyo mimi, niliyevutwa katika siasa na miti na visima wala si madaraka, nilijiunga na chama kidogo cha wapenda mazingira, chama ambacho mkutano wake wa wilaya ungeweza kufanyika chini ya mbuyu mmoja na kivuli kikabaki. Nikasimama udiwani katika kata moja ya pembezoni mwa Dodoma na, kwa rehema za Mwenyezi Mungu na ugomvi wa wakubwa wawili waliogawana kura, nikashinda.

Taabu ilianzia kwenye rangi. Dodoma ni makao makuu ya Chama Cha Mapinduzi, na kijani ndiyo sare ya chama hicho. Basi kila nilipopanda jukwaani kuhimiza mji wa kijani, wafuasi wake walinipigia vigelegele na kuniuliza lini narudi nyumbani, na wasiokipenda walinitazama kama mpelelezi. Ilipozinduliwa kampeni ya Dodoma ya Kijani mwaka 2017, mahasimu wangu waliapa kwamba nimekwisha kununuliwa, ingawa bei hawakuitaja. Chama chetu kikaketi kujadili rangi nyingine, na mjumbe mmoja, kwa dhati kabisa, akapendekeza hudhurungi, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo rangi halisi ya Dodoma tangu Juni hadi Novemba.

Kisha miti yenyewe. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili, ilhali mvua zetu, za msimu mmoja tu, zenye wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, huanza Desemba na kutuaga Aprili hiyo hiyo. Yaani mche hukabidhiwa ardhi siku ile ile unaponyang'anywa maji. Hata hivyo tulikusanyika katika uwanja wa shule moja ya msingi, tukapanda miarobaini, mti tuliouchagua makusudi kwa uchungu wa majani yake, maana wataalamu walinihakikishia kwamba mbuzi hawautaki. Mbuzi wa Ugogo hakupata kuisikia riwaya hiyo. Mgeni rasmi alikuwa angali akihutubia, jasho likimtiririka, mbuzi mmoja mweupe alipopenya katikati ya viti, akala mche alioupanda mheshimiwa huyo kuanzia kileleni hadi kwenye udongo, na kisha, kwa utulivu wa mtu anayemalizia chai, akala na kile kibao cha karatasi kilichoandikwa jina la aliyeupanda. Watoto walishangilia kuliko walivyoshangilia hotuba.

Katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, nikatoa rai kwamba mbuzi wafungwe mpaka miche ishike. Akainuka mzee mmoja, mwenyekiti wa mtaa.

"Mbukwa, mheshimiwa mwanangu," akanisalimu Kigogo kwa upole wa kutisha. "Kumbe HADO imerudi?"

Ukumbi ukanyamaza. Huo ulikuwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanzishwa mwaka 1973, ambao mwaka 1979 uliiondosha mifugo yote katika ardhi iliyomomonyoka ya Kondoa. Majani na miti vikarudi, walakini mfugaji hakumbuki majani, hukumbuka ng'ombe wake walivyoswagwa. Rai yangu ikazikwa bila ya kura, na wajumbe wakahamia kwenye chai, iliyochemshwa kwa mkaa, ambao ndio uliokuwa ajenda yetu iliyofuata.

Hujifariji kwamba hata marehemu Wangari Maathai wa Kenya, pamoja na miti yake yote, aliingia Bunge la kwao mwaka 2002 kwa mgongo wa NARC, muungano mkubwa, wala si kwa chama kidogo kama changu. Mimi wapiga kura wangu hunijia alfajiri, wakaniunga mkono katika kila neno la mazingira, kisha wakaniomba mchango wa harusi.

Na mwenye mbuzi yule mweupe, ambaye simtaji kwa kuwa tunasali msikiti mmoja, namwomba kwa hisani yake amfunge kamba walau hadi Desemba, maana miche iliyosalia ni mitatu.