Hongera kwa Skuta, Jirani

Hongera, jirani. Tuliiona ikishushwa kwenye Fuso, imezungushiwa nailoni kama bibi harusi. Bonga yetu nzima inapanda pikipiki za Boxer na TVS, lakini wewe ukaona hizo ni za kubebea mbolea. Ukaagiza Yamaha XMAX 300, yenye buti chini ya kiti linalomeza helmeti mbili. Gunia la mahindi utalifunga wapi? Basi, samahani, watu wa daraja lako hawaulizwi hayo.

Kwenye lami ya Babati kwenda Kondoa hatukuwezi, tunakiri. Shughuli huanza unapokata kona kuingia nyumbani. Tairi lako la nyuma ni inchi 14, la Boxer 17, na makorongo ya masika hayasomi chapa.

Halafu kuna mkanda. Skuta hiyo haina cheni. Ina mkanda wa mpira unaozunguka ndani ya kasha. Cheni ikilegea, fundi anaikaza kwa spana huku anapiga soga. Mkanda ukilika haukazwi wala haupunguzwi pingili: unanunuliwa mwingine. Fundi wetu alifungua kasha, akachungulia, akalifunga taratibu, kisha akakuuliza kama una ndugu Dar es Salaam.

Spea za Boxer hazikusumbui kuzitafuta. Mkanda wako uko njiani. Umekuwa njiani tangu Pasaka, na wewe unapanda bodaboda kama sisi, tena unaomba upunguziwe nauli.

Tunakuomba jambo moja tu, jirani: mkanda ukifika, agiza wa pili siku hiyohiyo.