Mtoto wa Jirani Ana Miaka Sabini

Louisville, Kentucky

Mjomba Sajenti, na nyote mliokaa hapo barazani Ngamiani kusomewa barua hii:  baridi imetuacha juzi juzi, sasa ni zamu ya mafua. Pesa ya bati nilishatuma. Kama Shangazi bado anasema haijafika, mwulizeni tena, safari hii taratibu.

Nina habari ya jirani. Yule mzee wa kofia niliyewaandikia mwaka jana, aliyemwita binti yetu Zuhura "Susan" miezi minane mizima, alinikuta asubuhi moja namwaga takataka. Akanishika bega, macho yanameremeta. "Mtoto wangu mpya amefika," akasema. "Njooni jioni mumwone."

Sasa Mjomba, mzee huyu ana miaka sabini na minne, na mkewe hajaachwa mbali. Niliingia ndani nikampa Mama Zuhura habari. Akanyamaza, akamkumbuka Bi Sara wa Nabii Ibrahimu, akasema Mungu hashindwi na kitu. Tukanunua pempasi, pakiti kubwa. Mwenyewe akafungua sanduku akatoa kanga ambayo hajaivaa bado, ile ya "Mgeni njoo mwenyeji apone", akaikunja vizuri. Jioni tukavuka barabara, mimi na pempasi begani kama mpagazi wa zamani.

Mzee akatukalisha, akaingia chumbani, akarudi amepakata kitu kilichoviringishwa taulo. Mama Zuhura akasogea, kigelegele kimeshamjaa mdomoni. Taulo likafunuliwa. Bastola.

Kigelegele kilimezwa. Mke wa mzee akaziangalia pempasi, akatuangalia sisi, akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta. Pempasi nilizirudisha dukani Jumatatu. Kanga hawakuirudisha, ndiyo anayotandika mezani mpaka leo akisafisha bastola zake, nami kila nikisoma "mwenyeji apone" na mtutu umelala juu ya maneno, naomba kimoyomoyo na mgeni naye apone.

Basi ndivyo nilivyojua kinachomtia wazimu jirani yangu. Hukusanya bastola zilizostaafu upolisi. Wewe uliporudisha silaha ghalani mara ya mwisho, ukasaini daftari ukaondoka na filimbi, je, ulijiuliza ile silaha itakwenda wapi? Huku swali hilo lina watu wazima wanaolikosea usingizi.

Ilivyo ni hivi. Huku kila mji una polisi wake, na kila polisi hujinunulia silaha zake. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita askari alibeba rivolva ya risasi sita, na mara nyingi ilitoka kwa mmoja wa mafundi wawili: Colt wa Hartford, Connecticut, au Smith & Wesson wa Springfield, Massachusetts. Ubishi wao ulikuwa Simba na Yanga. Huyo wa Springfield alianza mwaka 1899 kutengeneza moja waliyoibatiza jina la jeshi na polisi kwa pamoja, na zikatoka zaidi ya milioni sita. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye taulo.

Halafu mambo yakageuka. Tarehe 11 Aprili 1986 makachero wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili tu huko Miami. Makachero wawili wakafa, watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na rivolva, na kuijaza rivolva risasi katikati ya mapigano, mkono unavuja damu, ni kazi ya kuomba dua. Polisi nchi nzima walikuwa wameshaanza kuitamani bastola ya magazini. Baada ya hapo hawakubembelezwa tena. Glock naye akaja kutoka Austria. New York walianza kubadili mwaka 1993, lakini wapo askari waliozing'ang'ania rivolva zao mpaka zilipoondolewa kabisa mwaka 2018. Zile za zamani idara nyingi zilizirudisha kwa mawakala ili zipunguziwe bei ya mpya, kama unavyopeleka friji bovu ukaongeza kidogo ukachukua zima. Miji mingine ilikataa, ikaziyeyusha, isije silaha ya askari ikarudi mtaani mikononi mwa mwizi. Mzee husimulia kuyeyushwa huko kama mtu anayesimulia msiba.

Vibali? Babu yetu wa Pongwe alifuatilia kibali cha gobore kwa mkuu wa wilaya mpaka nguruwe wakamaliza muhogo, wakahamia kwa jirani. Mzee huyu ana leseni ya mkusanyaji kutoka serikali kuu: dola 30 kwa miaka mitatu. Silaha iliyotimiza miaka 50 inahesabiwa kitu cha kale, na anaruhusiwa kuletewa mlangoni. Kwa hiyo siku ya kifurushi hukaa barazani tangu alfajiri na blanketi magotini, asije mleta mizigo akakosa wa kumwekea saini. Nami, Mjomba, usiku kucha napanga vifurushi uwanja wa ndege. Sitashangaa kama "mtoto" huyo nilishampakata kabla ya babake.

Alipojua nimetoka Tanga alisimama wima. Ni Mmarekani wa kwanza niliyekutana naye anayeijua Tanga, na anaijua kwa sababu ya nyuki. Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi wakashuka baharini, Wajerumani na askari wao wakawazuia, nyuki wakaingilia ugomvi usiowahusu, na waliokimbilia melini wakaacha nyuma bunduki kwa mamia. Aliniuliza kama nyuki bado wapo. Nikamwambia wapo. Akaniuliza kama bunduki bado zipo.

Sasa kuhusu huyu mtoto. Mgongoni mwa mpini ana herufi tatu zimegongwa kwa mkono, L.P.D., na namba. Yaani polisi wa Louisville wa zamani, wale wenyewe, maana mwaka 2003 waliunganishwa na polisi wa wilaya wakawa idara nyingine yenye jina jingine. Kwa hiyo ni bastola ya polisi ambao hawapo tena. Mdomo wa mtutu umepauka, ubavu mmoja umetoka rangi kwa kuingia na kutoka kwenye ala miaka na miaka. Lakini ndani, mzee akamulika tochi tuchungulie, kunang'aa kama kikombe cha harusi. Silaha ya askari hutembea sana, husema kidogo. Wengi walifyatua zao siku za shabaha tu, kisha wakazunguka nazo mtaani miaka ishirini zikila mvua na jasho. Nikakukumbuka wewe na ile bunduki yako ya Mark 4, uliyosema umeibeba kilomita za kufika Misri ukaua nayo kunguru mmoja, naye kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo mzee alipopunguza sauti akanipa siri yake. Oktoba 1954, mjini humu humu, mtoto wa miaka kumi na miwili aliibiwa baiskeli yake nyekundu, aina ya Schwinn. Akaenda analia na kutukana kwa askari aliyekuwa chini ya jengo akifundisha vijana ndondi, akaapa atampiga huyo mwizi. Askari akamwambia: kwanza jifunze kupigana. Askari alikuwa Joe Martin wa polisi wa Louisville. Mtoto alikuwa Cassius Clay. Ndiyo, Mjomba, Muhammad Ali mwenyewe, yule aliyetumwa na Rais Carter mwaka 1980 kuja Dar kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu akakataa kumwona, na ambaye wewe huapa kwamba siku ile ulikuwa zamu na alikukonyeza.

Mzee anaamini bastola yake ni ya Joe Martin.

Ushahidi wake ni upi? Ni ya Louisville, na Martin alikuwa wa Louisville. Basi. Nikamwambia kwa mahesabu hayo hata mimi ni Martin. Na wakongwe wa kazi hii wana onyo lao: nunua bastola, usinunue hadithi. Alinipeleka siku moja kwenye maonyesho ya silaha, meza mamia, na kila muuzaji ana rivolva iliyomkamata jambazi fulani maarufu. Waliapa kama wauza samaki wa Deep Sea wanaokuapia nguru kavuliwa alfajiri huku nzi wanacheka. Mzee alikuwa akiwasikiliza kwa dharau, mkono uko mfukoni unaishika picha ya Joe Martin.

Njia halali ya kujua ni barua. Unaandika namba ya silaha, unapiga picha, unalipa kama dola mia moja, na mtunza kumbukumbu wa kiwanda anapekua madaftari ya kale na kukujibu: imetoka kiwandani tarehe fulani, ikapelekwa kwa fulani. Mzee alilipa. Nilimwuliza jina la babu yake mzaa babu. Akafikiri, akasema pengine alikuwa William. Ya bastola anataka tarehe.

Tulipokuwa tunasubiri alinichukua kwenda kumwona askari mstaafu kwenye nyumba ya wazee, mtu wa miaka tisini na kitu. Tulibeba picha ya bastola, maana yenyewe hairuhusiwi kuingia. Babu wa watu akaitazama muda mrefu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Mzee wangu hapumui. Hatimaye akasema, "Mimi nilikuwa na Colt," akaomba kahawa.

Kuna jambo jingine alinificha, nikaja kulijua kwa bahati. Rivolva hizi huwa na skrubu, na wajuzi wanazihesabu kama sisi tunavyohesabu meno ya mbuzi kujua umri. Mpaka mwaka 1955 zilikuwa tano. Baadaye ya juu ya bamba la ubavuni ikaondolewa zikabaki nne, na mwaka 1961 ikaondolewa nyingine. Nikaihesabu ya kwake akiwa jikoni: nne. Nikahesabu tena. Aliporudi na chai nikamwambia. Akasema fundi huenda aliisahau moja.

Barua ikafika Jumanne. Alinigongea nikiwa nimelala, ndiyo kwanza nimetoka kazini, maana hakutaka kuifungua peke yake na mkewe alikataa kuwapo. Tukafungua juu ya kanga. Ilitoka Springfield mwaka 1956, ikapelekwa Belknap, Louisville. Belknap si askari, Mjomba. Ilikuwa kampuni ya jumla ya vifaa vya chuma, kubwa kweli, iliyouza misumari, nyundo, mapanga na matandiko ya farasi, ikafa mwaka 1986. Kwa hiyo siku baiskeli inaibwa, bastola hii ilikuwa haijazaliwa, na ilipozaliwa ilikuja mjini kwenye mzigo mmoja na makoleo.

Nilimwonea huruma. Alikunja barua, akaifungua, akaikunja. Kisha taa ikawaka usoni: "Lakini Martin angeweza kupewa mpya mwaka 1956!" Nikarudi kulala.

Jioni Mama Zuhura alipeleka maandazi, akaonyeshwa barua akasomewa yote. Mnamjua, haulizi mengi. Akauliza moja: "Na wale walioelekezewa, wameandikwa wapi?" Mzee akavua miwani. Miaka hiyo Louisville ilikuwa mji wa ubaguzi. Kulikuwa na maduka ambamo Cassius Clay na wazazi wake hawakuruhusiwa kuketi kula. Na bastola hii ilikuwa kiunoni mwa mtu, ikizunguka mitaa hiyo hiyo. Mzee akasema daftari la kiwanda linaandika mnunuzi tu. Hakusema jingine, maandazi yakapoa. Lakini wiki iliyofuata gari lake lilikuwa nje ya maktaba ya mji kila siku, na mkewe ananiambia anasoma magazeti ya mwaka 1956, toleo baada ya toleo, amefika Aprili. Picha ya Joe Martin sasa iko kwenye friji. Mfukoni ana daftari.

Mimi sijanunua bastola, waambieni wanaouliza. Mama Zuhura ametangaza kwamba chuma hicho kikiingia mlangoni yeye anatokea dirishani, nasi tunakaa ghorofa ya tatu.

Ila Mjomba, nimefanya kosa. Juzi nilimpigia mzee soga, nikamweleza jinsi unavyotuita watoto wote kwa zamu, Hamisi, Salimu, Juma, mpaka ulipate jina la uliyemkusudia, lakini namba ya bunduki uliyopewa depo Moshi unaitaja hata ukiamshwa usiku wa manane. Akaweka kikombe chini. Tangu hapo sina amani. Akiniona tu anauliza kama nimekuandikia. Ameshatenga ukurasa, ameandika juu "Tanganyika", nikamsahihisha, akakata akaandika "Tanzania". Chini yake ni peupe.

Basi nitumie namba hiyo. Na Shangazi asiitaje badala yako. Anazijua vibaya tarakimu mbili za mwanzo.